Kielelezo Namba Saba

Alistaafu Ijumaa, theluji ingali imekaidi
vivulini mwa majengo, ingawa kalenda ilisema Aprili.
Profesa Odile Pelkey, ghorofa ya pili, Chuo cha Sheria, Maine:
madhara, dhima ya bidhaa,
na mwishoni, kitivo kikikubali shingo upande,
sheria ya wanyama.

Nilimsaidia kufungasha.
Rafu zake zilibeba vitu kuliko vitabu:
pasi iliyoyeyuka mpini,
kizibo cha soda kilichomtoboa kijana jicho,
kidato cha ngazi, kimepasuka pale ambapo mchomeleaji
labda aliwaza chakula cha mchana.
"Kila kitu kina mama," alizoea kusema
akikinyanyua mbele ya wanafunzi mia wenye usingizi.
"Kimetoka mikononi mwa mtu. Mtafuteni."

Baba yake alipoteza vidole viwili kwenye kiwanda cha karatasi.
Kampuni ilimpa juma moja la mapumziko
na bata mzinga aliyegandishwa.
Odile alikuwa na miaka tisa. Alimla.
"Mashine haikukosea," baba alisema kwa Kifaransa cha jikoni,
"nilikosea mimi, nilisinzia."
Miaka thelathini darasani, bintiye akawa anamjibu.

Kisha akaja mzee Everett Thurlow, mjane,
kofia mkononi, na kopo la chakula cha mbwa
ambalo ndani yake kulikuwa na kitu kisichopaswa kuwamo.
Juniper alikufa siku ya nne, chini ya meza,
akiwa ameangalia ukuta.
Kopo lilikuwa na mama; walimpata haraka, mwenye kiwanda na mawakili sita.
Shida ilikuwa hesabu.
Mahakama ilipima mbwa kama inavyopima kochi:
bei ya sokoni, toa uchakavu.
Juniper alikuwa na miaka kumi na mitatu.
Dola thelathini na tano.

Mzee hakuichukua ile hundi.
Aliacha mkanda wa shingo mezani, akauliza iko wapi basi ya kurudi.

Lugha ninayoandikia haya ilikwisha kuamua kesi hiyo
kabla jaji yeyote hajavaa joho.
Kiboko hubisha hodi na *ki-* yake, kama kikombe, kama kiti,
lakini zamu ya kitenzi ikifika, anainuka:
kiboko amezaa, kiroboto ameruka,
kipepeo amechoka.
Nilimweleza Odile hayo tukila sandwichi ngazini.
Akaniomba nirudie. Akaandika nyuma ya bahasha: *a-, wa-.*
Kisha akaniangalia juu ya miwani.
"Na mnawala?"
Tunawala.
"Basi sarufi peke yake haitoshi," akasema, akamalizia sandwichi yake,
ya jibini, kama kila siku tangu kesi ile.

Rufaa tatu, alishindwa zote.
Ya tatu, jaji mmoja kati ya saba alimuunga mkono
kwa kurasa mbili alizoandika peke yake.
Odile alizitia fremu, akazitundika juu ya mashine ya kahawa
ambayo, alipenda kuonya, waya wake ulikuwa hatari.

Fomu ya chuo ilitaka orodha: jina la kitu, idadi, hali.
Nikaandika: pasi, moja, mbovu.
Kidato, kimoja, kimevunjika.
Nikafika namba saba: mkanda wa ngozi,
nywele mbili za kijivu kwenye tundu la tatu.
Kalamu ikasita kwenye safu ya hali.
Nilipoinua macho, alikuwa ameshautia mfukoni mwa koti.
"Huo si wa chuo," alisema.
Kisha, akipapasa akitafuta funguo za gari:
"Wala si wangu."